Haibridi au injini tupu: mlima ndio unaoamua

Kwenye gereji za Mbeya na Iringa utasikia mafundi wakisema haibridi, gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, ni gari la Dar, mlimani panataka injini. Wapenzi wa langalanga (Formula 1) nao wana yao: mbio ziliharibika mwaka 2014, injini za V8, zenye silinda nane, zilipoondolewa. Kila upande una hoja ya kweli. Tatizo ni kwamba wote wanaihukumu mashine bila kuitazama njia inayopita.

Hadi 2013 gari la langalanga lilibeba V8 ya lita 2.4 isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini), ikizunguka hadi mara 18,000 kwa dakika. Umeme ulianza kutumika 2009, ila kidogo: kilowati 60 kwa sekunde zisizofika 7 kila mzunguko wa uwanja. Mwaka 2014 ikaja V6, yenye silinda sita, ya lita 1.6 yenye turbo na mota mbili. Moja iligeuza nguvu ya breki kuwa umeme, kisha ikaurudisha kama msukumo wa hadi kilowati 120. Ya pili ilifungwa kwenye turbo ili ivune nishati ya moshi ambayo zamani ilipotea hewani. Mafuta ya mbio nzima yakawekewa kikomo cha kilo 100. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba, kwenye majaribio ya karakana, zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta ilikuwa inageuka kazi. Injini nyingi za petroli za barabarani hazifiki asilimia 40. Kwangu mimi hayo ni mafanikio makubwa ya uhandisi, hata kama mlio ulipungua.

Wanaolalamika hawana kosa pia. Uzito wa chini wa gari ulipanda kutoka kilo 642 hadi 691 kwa mwaka mmoja, na gharama zikapaa.

Sasa tuje kwetu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo hulegea hapo. Turbo husaidia kwa kuzunguka kasi zaidi na kusukuma hewa ya kutosha. Ndivyo magari ya langalanga yanavyofanya Mexico City, kwenye mita 2,200 hivi. Mota ya umeme haivuti hewa kabisa, kwa hiyo kimo hakiipunguzii kitu. Mpaka hapo haibridi inashinda.

Lakini panda mlima wa Kitonga na Toyota Aqua, haibridi ndogo, iliyojaa abiria. Betri yake haifiki kilowati-saa 1. Mlima ukiwa mrefu inaisha, unabaki na injini ndogo isiyo na turbo inayohema peke yake. Ukishuka, gari la kilo 1,300 huachia kama kilowati-saa 0.35 kwa kila mita 100 za kimo. Hata ukitoa kinachopotea njiani, betri inajaa kabla hujafika chini, na nishati inayobaki inaishia kuwa joto tu. Uwanja wa mbio ni tofauti: breki, kona, mafuta, breki tena, kila baada ya sekunde chache. Hapo betri ndogo inatosha kwa sababu inajazwa na kumwagwa mfululizo. Fundi wa Mafinga anayeikataa haibridi ameona kitu cha kweli, ila amekiona kwenye mlima mmoja mrefu.

Kwenye rali mizani inaelemea upande mwingine. Magari ya daraja la juu ya ubingwa wa dunia yalipewa haibridi ya kilowati 100 mwaka 2022, na mwaka huohuo Toyota ikachukua nafasi nne za kwanza kwenye Safari Rally kule Naivasha. Kwa hiyo vumbi na mawe ya Afrika Mashariki havikuishinda. Hata hivyo kuanzia 2025 iliondolewa: ilikuwa ghali, nzito, na kifaa chenyewe kilifungwa kwa namna ambayo timu haikuruhusiwa kukifungua. Sharti hilo la mwisho ndilo linalonisumbua nikifikiria rali za Iringa. Dereva wetu anategemea fundi anayeweza kulala chini ya gari usiku kucha, akafungua kila kitu na asubuhi likawaka.

Kwa hiyo uwanjani ningeiacha haibridi iendelee. Kwenye rali zetu za Nyanda za Juu, kwa sasa, ningechagua turbo ya lita 1.6 bila betri ya kusukuma magurudumu, kama yalivyo magari ya Rally2, daraja lililo chini ya lile la juu, na fedha inayobaki iende kwenye matairi na vipuri.