Uhuru wa 313 na upendeleo ulioufuata

Habari ya Ukristo kuingia ikulu ya Kirumi husimuliwa kana kwamba ilikuwa ya siku moja: kaisari Konstantino akashinda vita, na dini iliyoteswa ikawa dini ya dola. Tarehe zinakataa. Kutoka Agizo la Milano la 313 hadi sheria ya kaisari Theodosius ya Februari 27, 380, iliyowataka raia wafuate imani ya maaskofu Damasus wa Roma na Petro wa Aleksandria, ni miaka 67. Humo yamo mambo mawili ambayo tusiyachanganye: Wakristo walipewa uhuru, na walipewa upendeleo. Mahali pa kuyaona yakigongana ni Afrika Kaskazini.

Mateso yalipita sana mikononi mwa makarani. Mwaka 250 kaisari Decius aliagiza watu watoe sadaka kwa miungu na kupewa cheti. Zaidi ya vyeti 40 vya mafunjo vimepatikana Misri. Mwaka 303 kaisari Diocletian aliyalenga majengo na vitabu vya Wakristo. Pale Cirta, mji wa Numidia ambao leo ndio Constantine wa Algeria, mkuu wa mji Munatius Felix aliingia Mei 19 katika nyumba waliyokutania Wakristo, na kila kitu kikaandikwa: vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, taa 7 za fedha, kanzu 82 za wanawake na 16 za wanaume, viatu jozi 47 vya wanawake na 13 vya wanaume. Ukiisoma orodha hiyo unaiona kama stoo ya kusaidia wahitaji. Lakini kilichotafutwa hasa ni Maandiko. Waliovikabidhi vitabu waliitwa wasaliti na ndugu zao waliokataa, na kidonda hicho hakikupona mateso yalipokoma.

Agizo la 313 lenyewe sioni pa kulilaumu. Liliwaruhusu Wakristo na watu wote kushika dini waitakayo. Liliwarudishia Wakristo mahali pao pa kukutania bila malipo, na aliyekuwa amepanunua aliweza kuomba fidia serikalini. Hakuna dini iliyopandishwa juu ya nyingine.

Upendeleo ulikuja kwa barua za wakati uleule, ambazo Konstantino alizipeleka Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi. Moja ilimjulisha askofu Caecilian kwamba atapokea folles 3,000 (fedha za Kirumi) awagawie watumishi wa Kanisa. Nyingine ilimwagiza gavana Anulinus awasamehe majukumu ya umma makasisi wa Kanisa linaloongozwa na Caecilian. Hapo ndipo penye mzizi wa tatizo. Kundi la pili la Wakristo wa huko, ambalo tunalijua kwa jina la kiongozi wake Donatus, yaani Wadonati, lilishikilia kwamba Caecilian si askofu halali, kwa kuwa aliyemwekea mikono, Felix wa Aptunga, alisalimisha Maandiko. Ugomvi wa toba na sakramenti sasa ukawa pia ugomvi wa nani apokee fedha na nani asamehewe mzigo wa mji.

Wanaomtupia Konstantino lawama zote husahau kwamba Aprili 313 wapinzani wenyewe wa Caecilian ndio waliompa Anulinus mashtaka yao ayapeleke kwa kaisari. Maaskofu waliwahukumu Roma mwaka huohuo, wakawahukumu tena kwenye mkutano wao wa Arles, Ufaransa ya leo, mwaka 314, na kaisari mwenyewe akaamua dhidi yao 316. Kisha wakaanza kunyang'anywa makanisa kwa nguvu za askari, na Wadonati wakahesabu wafia dini wapya. Mwaka 321 Konstantino aliachia, akasema hukumu ni ya Mungu. Mwaka mmoja kabla, uchunguzi wa mahakama ulikuwa umeonyesha kwamba Silvanus, askofu wa Wadonati pale Cirta, alikuwa mmoja wa waliokabidhi vyombo siku ile ya 303. Usafi waliougombania haukuwa wa upande wowote.

Anayeutetea ushirika wa Kanisa na dola ana hoja nzito pia. Sheria ilikataza kuwachora waliohukumiwa alama usoni, kwa sababu uso una mfano wa uzuri wa mbinguni. Mwaka 321 ilithibitishwa kwamba mtumwa aliyeachwa huru kanisani ni huru kisheria. Hata mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Arles ulitegemea usafiri wa serikali. Ila msamaha wa majukumu uliwavuta matajiri kwenye upadre, hata Konstantino akalazimika kuwazuia: wenye mali wabebe mizigo ya dunia, maskini walishwe kwa mali ya Kanisa.

Baada ya 380 hoja ikageuka kuwa ya shuruti. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini na mpinzani wa Wadonati, mwanzoni hakutaka watu walazimishwe. Baadaye alibadili msimamo, akautumia mfano wa karamu katika Luka 14:23, "ukawashurutishe kuingia ndani". Ushahidi wake ulikuwa wa nyumbani: Thagaste, mji aliozaliwa, uliacha Udonati kwa kuzihofia sheria za kaisari, na anasema wengi walishukuru baadaye. Mtu huyu aliwaombea wapinzani wake wasiuawe, kwa hiyo siudharau ushahidi huo. Lakini haunitoshi. Kwenye mdahalo wa Karthago wa 411, kati ya Wadonati na Kanisa la upande wa kaisari, kila upande ulikuwa na maaskofu zaidi ya 270, na ulipokwisha, sheria ya Januari 412 iliwatoza Wadonati wa cheo cha juu kabisa ratili 50 za dhahabu, na wakulima wa mashamba ya mabwana wakaandikiwa kuchapwa mara kwa mara mpaka waache. Kwa sheria ya namna hiyo, asiyeshukuru hakuwa na mahali pa kusemea.