Salford walikuwa na mabango, Souths walikuwa na kura

Jamani hii stori ya Salford bado inanichoma. Kwa wasioifuatilia, naongelea raga ligi, ile ya wachezaji 13 wanayoipenda watu wa kaskazini mwa Uingereza na Australia, siyo ile ya Safari Sevens. Salford Red Devils ni klabu ya karibu kabisa na Manchester, ilianzishwa 1873, na tarehe 3 Desemba 2025 mahakama ikaifunga kwa sababu ya deni la kodi. Imeisha hivyo, kama duka la mtaani.

Na siyo kwamba timu ilikuwa mbovu. 2019 walicheza fainali ya ligi, 2020 wakapoteza fainali ya kombe kwa pointi moja tu, 17 kwa 16 mbele ya Leeds, na 2024 wakamaliza nafasi ya nne. Kwa pesa walizokuwa nazo hayo ni maajabu. Halafu Februari 2025 likaja kundi la wawekezaji, watu wakashangilia, wakajua njaa imeisha. Mechi ya kwanza ya msimu wakapigwa 82-0 na St Helens! Maana walikuwa wamewekewa kikomo cha mishahara paundi milioni 1.2 mpaka hela iliyoahidiwa ionekane, hela haikuonekana, basi kocha akapeleka watoto, wakubwa wakabaki nje wanaangalia. Baada ya hapo ni mishahara kuchelewa, tena na tena, wachezaji wanaondoka mmoja mmoja, na mwezi wa nane mechi ya Wakefield haikuchezwa kabisa.

Muda wote huo mashabiki wanabishana. Kuna waliosema tuwape muda wawekezaji, hela ya nje ina mlolongo wake. Kuna waliosema waondoke leo. Kuna waliolaumu uongozi wa zamani uliouza, kuna waliolaumu ligi iliyopitisha mauzo, na manispaa nayo ikaingizwa kwa sababu ya uwanja, klabu ilikuwa mpangaji tu pale tangu ihamie 2012. Mi naona karibu wote walikuwa na hoja, shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitu cha kufanya na hoja yake. Ulikuwa ubishi wa abiria kuhusu dereva, na mlango umefungwa kwa nje.

Sasa linganisha na South Sydney, au Souths, klabu ya raga ligi ya Australia. Hawa mwisho wa 1999 walifukuzwa ligi, eti timu zipunguzwe zibaki 14, na wao walikataa kuunganishwa na klabu nyingine. Klabu ya 1908, makombe 20 wakati huo! Mwenyekiti wao George Piggins akaenda mahakamani, Novemba 2000 watu kama 80,000 wakajaa mitaa ya Sydney wakiandamana, 2001 wakashinda rufaa, 2002 wakarudi. Wakarudi na kuburuza mkia, maana mapenzi hayalipi mishahara.

Ndipo 2006 Russell Crowe, ndiyo, yule yule wa sinema, akaja na mwenzake Peter Holmes à Court, wanataka asilimia 75 ya klabu kwa dola milioni 3 za Australia. Piggins akapinga waziwazi. Yaani mtu aliyeiokoa klabu anawaambia wanachama msiuze, na star wa Hollywood anawaambia uzeni, hebu fikiria huo ubishi majumbani! Lakini ule ubishi ulikuwa na mwisho, kwa sababu lazima asilimia 75 ya kura zikubali. Zikakubali 75.8. Na hata baada ya hapo robo ya klabu ikabaki kwa wanachama. 2014 wakabeba kombe, la kwanza tangu 1971.

Mtu ataniambia Souths walibahatika tu, wangempata tapeli wangempigia kura hizo hizo. Kweli, kura haimzuii tapeli. Ila inamlazimisha asimame mbele ya watu aeleze hela inatoka wapi, na anayepinga anapewa kipaza sauti. Sisi wa Simba na Yanga tumeshabishania sana asilimia 51 za wanachama na 49 za wawekezaji, tunaujua huo utamu, na tunajua pia watu wanavyochoka haraka wakiulizwa habari za mahesabu, wanataka usajili.

Salford imeanzishwa upya, kampuni mpya, ikapangwa kucheza Championship msimu wa 2026, daraja la chini. Watu wamefurahi na wana haki ya kufurahi. Mi ningekuwa jirani na ule uwanja ningenunua tiketi kesho, ila kabla ya jezi ningeuliza kadi ya uanachama inanipa nini zaidi ya punguzo la bia.