Nilimwonjea Paka

Lile ua nililinunua Dar es Salaam, kwa wauza miche wa barabara ya Bagamoyo, elfu nane baada ya kuvutana sana. Majani mapana, ya kijani yenye madoa meupe kama yamerukiwa na maziwa. Nikaliweka sebuleni kando ya runinga, nikakaa kulitazama kama mtu aliyenunua shamba.

Siku ya tatu paka wetu, Chausiku, akaanza kulinusanusa. Mke wangu akaguna: "Baba watoto, hilo jani halitamdhuru paka?"

Mwenye akili angeuliza. Mimi nikakata kipande kama ukucha, nikatafuna. "Mbona la kawaida tu, kama mchi..."

Mchicha sikuumalizia. Kinywa kiliwaka kama nimetafuna sindano. Mate yakanichuruzika hadi kwenye shati, ulimi ukaumuka kama andazi lililozidiwa hamira. Chausiku akajilaza, mkia kauzungushia miguu, akawa ananitazama. Jani wala hakuligusa.

Mke wangu akampigia bwana mifugo aliyemchanja paka, maana ndiye daktari pekee tuliyekuwa na namba yake. Akaweka spika.

"Anatoka mate, hawezi kumeza, anajipangusapangusa mdomo."

"Ametafuna ua lenye madoa? Hiyo difenbakia, inawapata sana paka. Ana umri gani?"

"Arobaini na miwili."

Kimya. "Paka?"

"Mume wangu."

Bwana mifugo akakohoa kikohozi kirefu ambacho mimi nilikijua ni kicheko. Akaeleza kuwa majani na shina vimejaa fuwele za kalisi oksaleti, zina ncha kali, ukitafuna zinakuchoma kinywa kizima. Waingereza wameupa mmea jina la muwa wa bubu. Paka naye hutoka mate na kususa chakula, ila ni nadra kufa. Nisukutue, ninyonye barafu, koo likianza kubana nikimbizwe hospitali. "Ya binadamu," akaongeza. La kuogopa hasa kwa paka ni ua la lili: hata chavua tu akiilamba manyoyani, figo zinaweza kufa.

"Na mume je?"

"Mama, mwambie asionje kitu kingine."

Wakati huohuo hodi, jirani yetu, mweka hazina wa kamati ya harusi, daftari mkononi. "Jirani, nikuandike laki moja?"

Nilitaka kusema sina. Ikatoka "hihaa." Nikatikisa kichwa kwa nguvu, mate yakaruka hadi kwenye daftari, nikainama kwa aibu, macho yamejaa machozi.

"Jamani, mpaka analia kwa furaha!" akasema, akaandika.

Ulimi ulinirudia saa tatu usiku. Neno langu la kwanza likawa: "Laki?"

Mke wangu hakuinua macho kwenye simu. "Imeshawekwa kwenye kundi la WhatsApp. Watu thelathini wamekupigia makofi."