Spika nzima, rimoti mbovu

Ukiwasikiliza wanaoitetea Sonos, kisa cha Mei 2024 ni makelele ya walioshiba: kampuni imebadilisha programu ya simu inayoendesha spika zake, wateja hawajaizoea, basi. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Programu ya zamani ilikuwa imetiwa viraka miaka mingi, na kampuni iliyokuwa mbioni kuingia soko la hedifoni isingeshona kiraka juu ya kiraka milele.

Lakini tazama kilichotoka Mei 7. Pa kutegea kengele ya kuamsha hapakuwepo. Kupanga upya foleni ya nyimbo, hakuna. Wasioona, waliozoea simu iwasomee kila kitufe, walijikuta wanapapasa kioo kisichowaambia kitu cha maana. Wengine walipandisha sauti, ikakaa kimya sekunde kadhaa, kisha ikaja yote kwa mpigo. Na spika zenyewe zilikuwa nzima! Hata waya haukulegea. Nyingine zilikuwa zimeimba miaka bila kukohoa, na wenyewe walizilipia mamia ya dola.

Kinachonikera zaidi ni kilichofuata Agosti. Patrick Spence, mkurugenzi mtendaji wakati huo, alikwisha omba radhi Julai, na wazo la kuirudisha programu ya zamani lilikuwapo. Ilipojaribiwa, ikaonekana ingezidisha matatizo, maana programu za ndani ya spika na za seva za kampuni nazo zilikwisha badilishwa. Yaani njia ya kurudi ilikuwa imefungwa hata kwa aliyeijenga. Amplifaya ya zamani ikizima, fundi wa mtaani huifungua kwa bisibisi, akaitafuta kapasita iliyovimba, akachomelea nyingine, na jioni mnapiga muziki. Hapa fundi afungue nini?

Spence alikadiria kwamba marekebisho yangekula dola milioni 20 hadi 30. Bidhaa mbili zikaahirishwa ili watu wakafanye kazi hiyo, na mwezi huohuo wafanyakazi wapatao 100 wakapunguzwa. Januari 2025 naye akaondoka. Katikati hapo, kampuni iliongeza mwaka mmoja kwenye dhamana ya spika za nyumbani ambazo dhamana yake ilikuwa haijaisha. Ni hisani, sikatai. Ila dhamana hiyo ni ya spika, na spika ndiyo pekee ambayo haikuwa imeharibika.