Mwacheni Markkanen Utah

Maskani kwetu Majengo, hatua chache kutoka anapouzia mzee wa kahawa chungu, mimi ndiye mtu wa Utah Jazz, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA huko Marekani. Ilianza na fulana ya zambarau yenye milima kifuani, nambari 12, jina la Stockton, nyota wao wa zamani, mgongoni, niliyoichagua kwenye mitumba ya Kongowea nikiwa kidato cha pili. Tangu siku hiyo sijahama timu. Ndiyo maana tetesi yoyote ya Jazz ikitoka, naletewa mimi kwanza, simu inasogezwa mpaka puani. "Yakhe, umeona? Markkanen anauzwa." Nyota wetu huyo, Mfini, wiki hii anakwenda huku, wiki ijayo kule. Nimeshawajibu mmoja mmoja, sasa nawajibu nyote kwa pamoja.

Asiuzwe. Na kwangu mimi hoja nzima imesimama juu ya siku moja ya kalenda.

Katikati ya mwaka 2024 timu ya Golden State walikuwa wanamtaka, na halikuwa jambo la siri. Lauri Markkanen alikuwa amebakisha mwaka mmoja katika mkataba wake. Siku ya kwanza ambayo Utah wangeweza kumwandikia mwingine ilikuwa Agosti 6. Sheria ya ligi inasema kwamba mchezaji akiongezewa mkataba wa kiwango kile, haruhusiwi kuhamishwa mpaka miezi sita ipite. Sasa hesabu. Angetia sahihi Agosti 6, miezi sita ingetimia Februari 6, 2025, siku ileile dirisha la kuhamisha wachezaji linafungwa, saa tano usiku kwa saa zetu. Yaani siku ya mwisho ya soko angekuwa mezani kama wengine. Hakutia sahihi. Alilala, akaamka, akatia sahihi Agosti 7. Msimu mzima ukapita bila timu yoyote kuweza kumchukua, hata ingetoa nini.

Mshahara wake wa mwaka huo ulipanda kutoka takriban dola milioni 18 hadi milioni 42, na jumla ya miaka mitano ikawa dola milioni 238. Ni pesa nyingi mno, sikatai. Lakini pesa hiyo angeipata hata angesaini siku moja kabla. Ile siku aliyongoja ilikuwa ya kitu kingine: alitaka kubaki, kwenye timu ambayo kila mtu alijua itafungwa sana. Wachezaji wangapi wa kiwango chake wamewahi kufanya hivyo kwa timu inayojijenga upya? Wengi hutafuta mlango wa kutokea. Huyu aliufunga mwenyewe kwa ndani.

Na timu ikamlipa nini?

Msimu wa 2024-25 Jazz walishinda mechi 17 na kupoteza 65, mkosi ambao klabu haikuwahi kuuona tangu iundwe. Markkanen alicheza mechi 47 tu. Nyingine alikuwa na maumivu kweli, lakini nyingine alikalishwa, mpaka mwezi Machi ligi yenyewe ikawatoza faini ya dola 100,000 kwa kumweka nje mchezaji aliyefaa kucheza. Yote hayo kwa ajili ya kikapu cha bahati nasibu ya drafti, ile inayopanga timu ipi ianze kuchagua wachezaji chipukizi. Wakaburura mkia ligi nzima, wakapata asilimia 14 ya nafasi ya kuchagua wa kwanza, sawa na timu mbili nyingine za mkiani. Ilipochezwa bahati nasibu, wakaangukia nafasi ya tano. Kinda aliyekuwa akililiwa na wote, Cooper Flagg, akaenda Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8. Dallas haohao waliomtoa nyota wao Luka Dončić Februari 2025.

Mechi 65 za kupigwa, na hazikununua hata nafasi ya pili.

Baada ya hapo wakafagia nyumba. Collin Sexton akapelekwa Charlotte. John Collins akaenda Clippers. Jordan Clarkson akalipwa aondoke, akaibukia New York. Ndani ya wiki chache, watu wazima watatu waliokuwa wanajua kufunga wakawa hawapo, na vijana wakaachiwa uwanja: Ace Bailey, Keyonte George, Isaiah Collier, Kyle Filipowski. Watoto wazuri, nawapenda. Lakini ukimtoa na Markkanen, watajifunza kwa nani?

Swali hilo naliuliza kwa uchungu kwa sababu nililiona jibu lake hapahapa Mombasa. Nilichezea timu moja ya mtaa, jina nitalihifadhi. Uwanja wa saruji, kapu moja lina wavu, jingine halina. Senta wetu alikuwa kijana wa Tudor, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikunjiki tangu mpira ulipomgonga. Jioni mazoezi yakiisha alikuwa anatubakisha sisi wadogo nusu saa. Alinisimamisha mbele ya mwenzangu mwenye mpira, akanibonyeza mabega mpaka magoti yakakunjika, akaniambia, "Usimwangalie macho, macho yanadanganya. Mwangalie kitovu. Kitovu kikienda kushoto, mtu kaenda kushoto." Mpaka leo nikikaba, naangalia kitovu.

Msimu uliofuata viongozi wakasema tunajenga timu upya, vijana wapewe dakika. Yeye akakalishwa benchi, kamba za viatu amezifunga, jezi amevaa, mechi baada ya mechi. Hakugombana na mtu. Baada ya miezi mitatu akapanda basi la Nairobi. Ile nusu saa ya jioni ikafa siku hiyohiyo. Tulipewa dakika zote tulizoahidiwa, tukazitumia kurudia makosa yaleyale, kwa kuwa hakukuwa na wa kutusimamisha na kutuonyesha. Watu wakaanza kuchelewa mazoezini, kisha wakaacha kuja. Mpira wa mwisho wa timu ulibaki uvunguni kwa mmoja wetu, umeishiwa upepo. Timu haikuwahi kujengwa.

Anayejenga nyumba ya udongo anaelewa: kwanza nguzo zichimbiwe, ndipo fito, ndipo ukandike. Hakuna anayekandika hewani.

Nikisema haya, wenzangu hunijibu kwa neno moja: Oklahoma. Wanasema Thunder, timu ya Oklahoma City, walifungwa makusudi, wakakusanya machaguo ya drafti, na Juni 2025 wakabeba ubingwa baada ya kushinda mechi 68 za msimu. Ni kweli. Lakini wanaruka ukurasa wa katikati. Thunder walipomwachia Paul George aende Clippers mwaka 2019, ndani ya mzigo ule wa machaguo alikuja kijana anaitwa Shai Gilgeous-Alexander. Mwaka 2021, timu ikiwa imetoka kushinda mechi 22 na ikielekea kushinda 24, walimwandikia mkataba mpya wa miaka mitano. Tetesi za kumuuza zilikuwepo. Hawakumuuza. Jalen Williams na Chet Holmgren walipokuja mwaka 2022 walimkuta amesimama pale.

Detroit vilevile. Msimu wa 2023-24 walipoteza mechi 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14. Wangeweza kutupa kila kitu. Badala yake wakampa Cade Cunningham mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 224, wakamzungushia wakongwe kama Tobias Harris na Malik Beasley, na mwaka uliofuata wakashinda mechi 44. Wakati Utah wanatoa wakongwe, Detroit walikuwa wanawaleta.

Sasa nije kwenye tetesi zenyewe, maana nyingi zinakufa ukishika kalamu na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata habari za usajili zina daftari lake. Msimu wa 2025-26 Markkanen analipwa zaidi ya dola milioni 46. Timu iliyojaa mishahara haiwezi kumchukua mtu wa milioni 46 kwa kuleta kijana wa milioni 5 na ahadi, ni lazima irudishe mishahara inayokaribiana na wake. Zile ambazo mishahara yao imevuka mstari wa juu kabisa wa ligi zimekatazwa hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili watatu ili kumpata mmoja. Kwa hivyo mtu akikuletea tetesi, muulize kitu kimoja: wanatoa nani, na analipwa ngapi? Asipokuwa na jibu, agiza kahawa nyingine.

Kuna tetesi moja tu inayoninyima usingizi, ile ya kumuuza ili timu ifungwe na chaguo lake la drafti libaki, kwa sababu hiyo ina hesabu nyuma yake. Chaguo la Jazz la raundi ya kwanza mwaka 2026 lina deni. Mwaka 2021, ili kupunguza mzigo wa mishahara, walimpeleka Derrick Favors Oklahoma City pamoja na ahadi ya chaguo la baadaye. Likiangukia ndani ya nafasi nane za mwanzo, linabaki Utah na deni linafutika. Likiwa la tisa au chini ya hapo, wanalichukua Thunder, mabingwa. Umeona mtego ulipo? Kushinda mechi nyingi msimu wa 2025-26 kuna gharama, na kuwa na Markkanen anayecheza kila usiku ndiko kunakoleta ushindi. Usiku wa kuamkia Jumanne, Oktoba 28, 2025, aliwafunga Phoenix pointi 51, mechi ikaenda muda wa ziada, Jazz wakashinda. Niliitazama alfajiri huku adhana inaanza, nikapiga kelele mpaka nikaamsha nyumba. Halafu nikasoma watu wakilalamika kwamba ushindi ule umeharibu nafasi ya drafti.

Mtu amefunga pointi 51, na shabiki anasikitika. Hapo ndipo tumefikishwa, na inaniuma.

Huyu ni mtu ambaye mwezi uliotangulia aliibeba Ufini hadi nusu fainali ya EuroBasket, kitu ambacho nchi ile haikuwahi kukifikia. Anajua kuivuta timu ndogo mbele. Waacheni hao vijana wamwone akifanya hivyo mara 70 kwa msimu, Bailey ajifunze namna anavyotoka kwenye kizuizi na kurusha kabla mkabaji hajageuka. Chaguo la nane litapatikana au halitapatikana. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Dirisha la msimu wa 2025-26 lilipangiwa Alhamisi, Februari 5, 2026, saa tano usiku. Mimi niko maskani na fulana yangu, mwenye tetesi anikute hapo. Na kwa Austin Ainge, aliyepewa uongozi wa timu hii Juni 2025, nina jambo la pili. Senta wenu Walker Kessler alikuja timu ilipomuuza Rudy Gobert mwaka 2022, anazuia mipira kuliko senta yeyote mliyekuwa naye tangu Gobert, na Oktoba 2025 mlimwacha bila kumwongezea mkataba. Kisha bega likaumia, na mkataba wake ni wa mpaka msimu wa 2025-26. Sheria inawaruhusu kusubiri timu nyingine imtajie bei kisha nyinyi mlingane nayo. Msisubiri. Bega litapona. Mpelekeeni karatasi yenu mkiwa wa kwanza.