Ndiyo, Tulimwasili. Mengine Muulizeni Mwenyewe Akikua

Kenya, watu wengi wanaoasili mtoto, yaani kumchukua wa mwingine awe wao kisheria, hufanya kama wanaopitisha magendo. Mwanamke anahama mtaa, au anaaga kwamba anaenda kukaa kwa dada yake kwa muda, na akirudi ana kitoto mgongoni na hadithi ndefu ya upasuaji. Wapo wanaojifunga vitambaa tumboni mapema ili majirani wahesabu miezi vizuri. Siwacheki. Wiki tuliyomleta binti yetu nyumbani, shangazi ya mume wangu aliketi sebuleni, akapewa chai, akasema bila kumtazama mtu, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Kisha akaomba sukari.

Kwa hiyo naelewa kwa nini watu huficha. Ila siri hiyo ina wanaofaidika nayo. Mwaka 2020, waandishi wa uchunguzi wa BBC Africa Eye walionyesha jinsi watoto wanavyoibwa kwa akina mama wanaolala barabarani Nairobi na kuuzwa. Tulikasirika wiki moja, tukawalaani wauzaji, tukasahau kuuliza wanunuzi ni nani. Mara nyingi mnunuzi ni mwanamke anayesimangwa na wakwe, anayetaka mtoto haraka na kimyakimya, pasiwe na afisa wa kuja kukagua vyumba vyake. Hajawahi kumwona mtu aliyepita njia halali akaisimulia hadharani, basi anadhani njia hiyo ni ya wazungu na matajiri. Wageni wenyewe walifungiwa mlango Novemba 2014, serikali iliposimamisha uasili wa kupeleka watoto nje ya nchi.

Ndiyo maana mimi nasimulia. Sisi tulianzia kwa shirika la uasili lililosajiliwa. Uwe umetimiza miaka 25, umzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na usiwe umepita 65. Unapeleka vyeti: cha ndoa, cha daktari, cha polisi kuonyesha huna rekodi ya uhalifu. Afisa anakuja nyumbani. Wa kwetu alifungua friji, akauliza nani atabaki na mtoto nikiwa kazini, halafu akamwita mume wangu kando amuulize kama kweli na yeye anataka au anasukumwa tu. Swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa!

Mtoto aliyeokotwa hapewi mtu siku hiyohiyo. Kuna taarifa yake kwenye OB, daftari la matukio la polisi, na muda wa kutafuta jamaa zake kabla polisi hawajaandika barua kwamba hakuna aliyejitokeza. Akishafika kwako, mnaishi pamoja miezi mitatu mfululizo ndipo ombi liende mahakamani. Wakati wetu ilikuwa Sheria ya Watoto ya 2001; hii ya 2022 imeiacha miezi hiyo mitatu palepale. Mahakama huteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto, na afisa wa watoto huandika ripoti yake. Wakili atakugharimu, lakini mtoto hauzwi: sheria inakataza kutoa au kupokea malipo kwa ajili ya mtoto. Nalisema hili kwa sababu "mlimpata kwa pesa ngapi?" ni swali tunaloulizwa hata kanisani, na wanaouliza hawana hata aibu ya kupunguza sauti.

Hayo yote ni yangu kuyasema: karatasi, hofu, foleni, hata shangazi. Aliokotwa wapi, akiwa amevaa nini, nani alimzaa na kwa nini alimwacha, hayo si yangu. Kuna wanandoa Wamarekani waliojipatia wafuasi wengi YouTube kwa video za mtoto waliyemwasili kutoka China. Mwaka 2020 wakatangaza kwamba wamemkabidhi kwa familia nyingine. Jina la mtoto sitalitaja, ingawa mamilioni ya watu wanalijua, na hapo ndipo penye ubaya: familia imebadilika, lakini jina, uso na habari za afya yake vimebaki mikononi mwa watu asiowajua.

Kutosimulia kwa watu hakumaanishi kumficha mtoto mwenyewe. Wa kwetu amejua tangu hajaanza kutamka vizuri. Siku ya kumwandikisha shule, karani alishika hati ya kuasili akasema kwa sauti ya sokoni, "Kumbe huyu si wako?" Foleni nzima ikageuka. Binti yangu aliendelea kulamba peremende yake. Kwake haikuwa habari.

Katika kutoficha ukweli huo Waislamu wametuzidi. Kafala, ambayo sheria ya 2022 imeitambua, inamruhusu mtu kumlea mtoto kwa moyo wote bila kumbandika nasaba isiyo yake. Hakuna anayelazimika kudanganya ukoo. Sisi wengine tunaimba "kuzaa si kazi, kazi ni kulea" kwenye harusi, kisha tunamshauri mama aliyeasili aseme mtoto alimzaa mwenyewe huko Kisumu.

Basi mkitaka kujua habari ya fomu, wakili, afisa na friji, niulizeni. Nitajibu hata usiku. Atakayeniuliza mama aliyemzaa alikuwa nani hatapata jibu, hata akiwa dada yangu wa damu.