Kibandiko cha i7 kinawaponza wengi

Ukizunguka kwenye maduka ya Oginga Odinga Street hapa Kisumu ukitafuta laptopu ya mtumba, zile tunazoita ex-UK kwa kuwa zimeshatumika Uingereza, sifa ya kwanza utakayomwagiwa ni "hii ni i7, boss." Bei inapanda hapo hapo. Mnunuzi anatoa pesa akijua amebeba mashine kali, na ukweli ni kwamba i7, jina la daraja la prosesa (ubongo wa kompyuta) za kampuni ya Intel, peke yake haimwambii chochote kuhusu kasi. Cha kuuliza ni kizazi, yaani toleo la prosesa hiyo.

Washa mashine, tafuta maelezo ya mfumo, usome jina zima la prosesa. Ukiona i7-7500U, ile 7 inayofuata kistari ndiyo kizazi: cha saba. Ukiona i5-8250U, ni cha nane. Sasa zishindanishe hizo mbili. Ya kwanza ilitoka 2016 ikiwa na kori mbili, yaani vitengo viwili vya kufanya kazi, na mwendo wa msingi wa gigahazi 2.7, yaani mapigo bilioni 2.7 kwa sekunde. Ya pili ilitoka 2017 na kori nne, gigahazi 1.6. Muuzaji atakushikia hapo kwenye 2.7 na 1.6 mpaka ukubali. Lakini kazi ikibana, i5 nayo inapanda hadi 3.4, na i7 haivuki 3.5. Ukiwapa kazi inayogawika, kama kutoa video ya harusi baada ya kuihariri, ile i5 yenye kori nne inaiacha i7 mbali. Na zote mbili zimeundwa kwa wati 15 zile zile.

Gigahazi ziliwahi kuwadanganya hata watengenezaji wa prosesa. Pentium 4, prosesa ya zamani ya Intel, ilisukumwa hadi 3.8, na mwaka 2004 Intel ikaachana na mpango wa kufika 4. Joto lilikuwa limezidi. Prosesa za Core 2 Duo za 2006 zilikuja na mwendo wa chini zaidi zikaipiku, kwa kuwa zilimaliza kazi nyingi zaidi katika kila pigo moja.

Jambo ninalotamani wenye saiba walifikirie zaidi ni umeme. Pale Kondele na kwingineko bado kuna mashine za mezani zenye i7-2600, prosesa ya 2011 iliyopangiwa wati 95. Mwaka 2023 Intel ilitoa N100, kiprosesa cha kori nne kilichopangiwa wati 6, na uwezo wake unakaribiana na ule wa jitu hilo la zamani. Mteja anayejaza fomu ya kodi ya KRA au ya mkopo wa masomo wa HELB hataona tofauti yoyote. Anayenunua tokeni za umeme ataiona. Halafu kuna video: ile ya 2011 haina kifaa cha ndani cha kufungua VP9, mfumo wa kubana video ambao YouTube hutumia sana, kwa hiyo inafanya hesabu zote kwa nguvu, feni inalia kama posho mill. Saa nane mchana, jua la Kisumu likiwaka na vumbi likiwa limeziba matundu, prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mwambie fundi apanguse feni na abadilishe pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa kabla hujaanza kulaumu intaneti.

Msinielewe vibaya, simpigii debe muuzaji wa laptopu mpya. Mzazi anayemnunulia mtoto laptopu ya kwenda nayo chuoni Maseno akaangukia ile mpya ndani ya karatasi yake, yenye Celeron N4020, prosesa ya bei nafuu ya Intel ya kori mbili, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, ameuziwa upya wa boksi. EliteBook, laptopu ya HP, ya mtumba yenye i5-6300U ya 2015, ukiiwekea SSD (hifadhi ya kasi) na RAM ya GB 8, inaishinda mchana kweupe.

Kizuizi cha mtumba huo ni Windows. Windows 11 imeziacha nje karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Ndiyo maana hizo za kizazi cha sita na cha saba zimejaa sokoni sasa, na ndiyo sababu nzuri ya kubishana bei bila haya. Mimi ya kizazi cha saba nitainunua ikishuka sana, niiwekee Linux badala ya Windows. Kwa bei ya "ni i7, boss", abaki nayo.